Pesa ya Baba Imeingia

Mchafukoge, Dar es Salaam
Tarehe 12 Mei

Kwa kaka yangu Talha,

Shikamoo kaka, na salamu za amani zikufikie huko Mwanza, wewe na wifi na watoto. Sisi wazima, ila presha ya mama inapanda na kushuka, na mimi nimechoka kusema uongo. Najua simu zetu hupokei tangu ulipogombana na baba. Leo sikulaumu. Isome tu barua hii mpaka mwisho.

Kwanza habari njema. Ile kodi ya duka aliyoilipa baba kupita kiasi, akaifuatilia miaka mitatu na mafaili yake kwapani, imerudishwa. Milioni kumi na moja, moja kwa moja benki! Meseji iliingia kwenye simu ya baba, ambayo mama anaichaji kila siku kana kwamba mwenyewe yuko msikitini. Mama akalia, akasema mume wake bado anamlisha. Nasi tukapumua, maana Kanubhai, mwenye nyumba, anataka pango la mwaka mzima kabla mwezi haujaisha, la sivyo duka anampa mpangaji mwingine. Na bila duka lile la vitambaa, kaka, hatuli.

Mama anakaa eda, hatoki, basi akanipa kadi na namba ya siri. Mbaruku, jirani yetu wa duka, akanionya nitoe kidogo kidogo kwenye mashine na nifunge mdomo, kwani benki ikijua mwenye akaunti amefariki itaifunga. Nikaenda. Siku hiyohiyo mashine ikagoma! Dada mmoja wa benki akaja kunisaidia, akauliza kadi ni ya nani.

Unakumbuka mama alivyotulea: ukimtaja aliyekufa jina tupu, kofi la mdomo. Basi ulimi wangu huu uliofunzwa adabu ukajibu kuwa ni ya marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Yule dada akanipa pole, tena ya dhati, kisha akaichukua kadi. Akaunti ikafungwa palepale.

Mama nimemwambia mtandao uko chini. Wiki ya pili sasa ananituma kila asubuhi, nami nazunguka Kariakoo mpaka adhuhuri, narudi mikono mitupu. Yarabi, sina la kufanya! Kanubhai amesema akiona karatasi ya mahakama tu, atasubiri. Lakini mahakama inataka warithi wote tukae kikao na kutia sahihi, ndipo ateuliwe msimamizi wa mirathi. Warithi ni mama, mimi, na wewe ambaye hata kuzika hukuja. Usipokuja, haitoki hata shilingi.

Nakuomba, kaka. Sina jeuri ya kukuamrisha.

Mama anajua nakuandikia salamu tu. Yuko hapa pembeni na simu ya baba mkononi, anakusalimu sana. Anasema uvumilie kidogo, pesa ikitoka tu, atakutumia nauli uje.

Mdogo wako,
Saadiya