Matofali Yaliyokunywa Maji Yetu

Jumatatu, 4 Machi
Nimemwaga maji tena kabla ya kengele. Mitungi sita, kutoka mtoni, mgongoni. Watoto wa chekechea wameketi chini ya mgunga wakikohoa vumbi, na mimi, mwalimu wao, ninanywesha matofali. Gitonga, fundi tuliyemtoa Meru atujengee darasa kabla ya mvua, anasema lazima yalowe mwezi mzima. Tofali la kawaida huridhika na wiki moja. Simwamini huyu mtu.

Jumatano, 6 Machi
Nimemvizia akitengeneza matofali ya mwisho. Jivu la volkeno, linalochimbwa shambani kwa babake, beleshi tano. Chokaa kidogo. Saruji ya kuonja tu. Jivu! Hapa Siakago jivu ni la choo, na la kuzuia wadudu kwenye maharagwe. Nimekwaruza tofali kwa msumari, likatoa unga. Anatula. Huo mwezi wa maji ni wa kutupumbaza hadi afike kwao Makutano, asionekane tena.

Jumamosi, 9 Machi
Mkutano wa wazazi. Nimechukua tofali la safu ya kwanza kati ya kumi zilizopangwa uwanjani, nikalipiga nyundo mbele yao. Pigo moja. Limekatika katikati kama kiazi.
"Mwalimu, hiyo iko na siku kumi tu," Gitonga akasema. "Jivu inashika pole pole. Si niliwaambia?"
Hakuna aliyemtazama. Amefukuzwa papo hapo. Nimefurahi. Sitajidanganya humu: nimefurahi sana.

Jumanne, 12 Machi
Nimewaambia akina mama waache kuchota maji. Wamenishukuru. Wote isipokuwa Wanjira, mjane anayeuza ndengu sokoni, mwenye mjukuu darasani kwangu. Bado ananywesha safu ya kwanza na kuifunika magunia. Kwa nini? Nani anamlipa?

Ijumaa, 15 Machi
Wanjira tena. Nimemuuliza mbele ya watu kama Gitonga ni mkwewe.
"Mimi niliahidi mwezi, Mwalimu. Sikuahidi siku kumi."
Jibu zuri mno. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 27 Machi
Wanjira amenifuata chini ya mgunga, akanipa nyundo. Akanitangulia hadi kwenye magunia yake. Nimepiga tofali lake. Nyundo imeruka. Nimepiga tena, kwa hasira, hadi kiwiko kikauma. Limechubuka pembeni tu.
Nikaenda kwenye safu zile nyingine, nilizozinyima maji mimi. Kona zinamomonyoka mkononi. Safu tisa mbovu, moja nzima. Haitoshi hata ukuta mmoja. Gitonga hakuwaibia watoto chochote. Ni mimi.

Jumamosi, 30 Machi
Nimesimama mbele ya wazazi nikasema yote bila kuzunguka. Mwenyekiti wao amekohoa, kisha akauliza kuhusu mabati, kana kwamba kuna ukuta wa kuyabeba. Nimemwomba Wanjira msamaha. Akaniuliza kama nimekula.
Barua ya kumwomba Gitonga radhi nimempa dereva wa lori anayekwenda Makutano. Nimeiandika mara nne.

Jumatatu, 8 Aprili
Mvua imeanza alfajiri. Watoto nimewarudisha nyumbani mpaka ikatike. Chini ya mgunga ni matope. Nimeketi na daftari la mahudhurio, naandika hayupo, hayupo, hadi jina la mwisho.
Gitonga hajajibu. Ningekuwa yeye, sijui kama ningejibu.