Mifuko Kumi na Mitano

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kwanza ya semina. Siku nne nzima! Mchungaji amenituma kama mtoto wa darasa la kwanza, mimi niliyefundisha walimu wa kanisa letu miaka ishirini na mbili. Cherehani nimeifunika, nguo za wateja zinalala.

Mkufunzi ni binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Kaja na kapu la magombo aliyoyatengeneza kwa karatasi za ukutani. Somo: jinsi Maandiko ya Waebrania yalivyokuwa kabla hayajawa kitabu. Anasema hapakuwa na kitabu. Kulikuwa na magombo, kila moja peke yake, yanawekwa pamoja kwenye chombo. Akatuuliza, kati ya haya ya kapuni, la mwisho ni lipi?

Nikajibu haraka, Malaki. Nani asiyejua? Akatabasamu, akasema tutaona kesho.

Sikupenda lile tabasamu.

Jumanne, 4 Juni

Nimerudi nyumbani sijui njia niliyopita. Hata viatu sijavua. Niandike kabla sijajidanganya.

Leo mkufunzi alichora ubaoni safu tatu. Torati, Manabii, Maandiko. Akaanza kujaza. Torati tano, hapo salama. Kwenye Manabii akaweka Yoshua na Waamuzi — Yoshua nabii! — halafu Samweli. Mmoja tu. Wafalme, kimoja. Isaya, Yeremia, Ezekieli. Halafu wale manabii kumi na wawili wadogo, Hosea mpaka Malaki, wote akawaingiza kwenye mstari mmoja, maana waliandikwa gombo moja na huhesabiwa kitabu kimoja. Nikauliza Danieli yuko wapi. Akasema subiri, mama.

Safu ya tatu: Zaburi, Mithali, Ayubu, Wimbo, Ruthu, Maombolezo, Mhubiri, Esta. Danieli huko! Ezra na Nehemia pamoja. Na mwisho kabisa, Mambo ya Nyakati, kimoja.

Maneno ni yaleyale tuliyo nayo sisi, akasema, hakuna lililopungua. Wayahudi wanahesabu ishirini na vinne, sisi Wakristo thelathini na tisa, kwa kuwa tulipokea mpangilio uliotokana na tafsiri ya Kigiriki. Kigiriki kinakula nafasi kuliko Kiebrania cha zamani kilichoandikwa bila irabu, ndiyo maana Samweli alikatwa magombo mawili. Na manabii wakapelekwa mwisho, wakitazama mbele kuelekea Injili.

Wenzangu wanaandika. Mimi nilikuwa natoa. Thelathini na tisa toa ishirini na vinne.

Kumi na tano.

Kalamu ikaanguka, mwenzangu akaniokotea, akaniuliza kama nina homa.

Kumi na tano naijua. Pazia langu la bluu la kufundishia nililishona mwenyewe, mifuko thelathini na tisa, kila mfuko kadi moja yenye jina la kitabu. Kwenye mtihani nazichanganya kadi, mtahiniwa anazipanga mbele ya watu. Miaka sita iliyopita alipanda wifi yangu, dada wa mume wangu. Mchungaji alikuwa anamtaka awe mwalimu wa pili. Akawabana manabii kumi na wawili kwenye mfuko mmoja. Samweli wawili mfuko mmoja. Danieli akamweka baada ya Esta. Nyakati akaziweka mwisho, akarudi nyuma akatulia, ameridhika kabisa. Mifuko kumi na mitano mitupu.

Nilicheka. Si kidogo — nilicheka mpaka nikashika meza. Nikasema, wifi, umekuja kufanya mtihani au kupanga nguo za dobi? Yeye ni dobi kweli, kwa hiyo kanisa zima lilivunjika mbavu. Alianza kusema kwamba kule alikofanya kazi vinapangwa hivi. Sikumwacha amalize. Nikamwita Mifuko Mitupu, na jina likamganda. Watoto walimfuata nalo mpaka bombani.

Hajakanyaga kanisani tena. Mwalimu wa pili hajapatikana mpaka leo.

Alikuwa sahihi! Ee Mungu wangu, alikuwa sahihi kadi kwa kadi.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwambia mume wangu wakati wa chai ya asubuhi. Nilitegemea ashangae. Akaendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka. Halafu akasema, "Dada yangu hajala nyumbani kwako miaka sita. Ulifikiri ana shughuli?"

Kweli nilifikiri ana shughuli. Au nilijifanya.

Baada ya semina nikachimbua sanduku la mitihani ya zamani. Nilitaka nione swali. Nilijipa moyo kwamba swali lilisema "kama yalivyo kwenye Biblia zetu," kwa hiyo makosa ni yake ya kutosoma swali. Karatasi nimeiona. Mwandiko wangu, wino wangu wa kijani. "Panga vitabu vya Maandiko aliyoyasoma Bwana Yesu."

Aliyoyasoma Bwana Yesu! Mimi ndiye niliyeuliza. Yeye akajibu nilichouliza.

Nimekaa sakafuni na ile karatasi mpaka miguu ikafa ganzi.

Alhamisi, 6 Juni

Semina imekwisha, cheti nitapewa Jumapili mbele ya washarika. Nilimvuta mkufunzi pembeni nikamwonesha swali, nikamweleza na jibu lililochekwa, sikumwambia ni la nani. Akasema mpangilio kamili wa enzi za Yesu hakuna anayeweza kuuapia, magombo hayana ukurasa wa kwanza wala wa mwisho. Lakini Yesu mwenyewe alitaja Torati, Manabii na Zaburi, safu tatu hizo. Na aliposema juu ya damu ya Abeli mpaka ya Zekaria, wengi wanaona alishika ncha mbili, kitabu cha kwanza na cha mwisho: Abeli yuko Mwanzo, na Zekaria aliyeuawa hekaluni yuko Nyakati. Mstari huo nimeusoma mara mia! Nimewahi hata kuuhubiri.

Kwa swali hili, akasema, aliyepanga hivyo alikuwa karibu kuliko aliyemsahihisha. Akauliza, aliyemsahihisha alikuwa nani?

Nikasema simjui.

Nilikwenda kwa mchungaji pia. Aliguna. Akanishauri niyamalize na wifi faraghani, ila kanisani nisiguse. Watu watasema Biblia imebadilishwa. Na mwalimu mkuu akijikosoa hadharani, akauliza, nani atamwamini tena? Alisema kwa upole. Nilitoka nimefarijika, na hiyo faraja ndiyo inayonitisha.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda.

Wifi alikuwa anapiga pasi kibarazani. Mashati ya watu yametundikwa nyuma yake, yamenyooka kuliko mimi. Tukasalimiana vizuri tu. Akanipa kigoda. Pasi hakuiweka chini.

Nilikuwa nimejipangia hotuba nzima njiani. Ikatoka vipandevipande. Nikamwambia kuhusu semina, safu tatu, ishirini na vinne, kwamba alikuwa sahihi na mimi nilikosa. Nikasema naomba unisamehe, wifi.

Akageuza shati. Akapiga kola. Halafu akaniuliza bila kuinua macho:

"Na mkufunzi angesema nilikosea?"

Sikuelewa. Akarudia taratibu, kama anamfundisha mtu kadi.

"Angesema nilikosea, wifi, ungekuja?"

Naandika haya saa tatu baadaye na bado nalisikia swali lile. Nimetembea siku nne na kosa nikidhani ni la mpangilio! Nilikuwa nalia kwa sababu alikuwa sahihi. Sikulia kwa sababu nilimcheka mtu mzima mbele ya watoto.

Nikasema nisingekuja. Ndiyo kauli pekee ya kweli niliyotoa pale. Akaitikia kwa kichwa, akaweka pasi, akaingia ndani.

Alirudi na mkoba wake wa kahawia, ule wa siku ya mtihani. Ndani yake foronya, na ndani ya foronya kitabu kikubwa cheusi. Nikakipokea, nikafungua. Herufi za Kiebrania, sijui hata moja. Wifi akakitoa mikononi mwangu, akakigeuza, akanirudishia. Kinafunguliwa kutoka kulia. Nilikuwa nimeanzia mwisho.

Alinieleza huku anaendelea na mashati. Kule alikofanya kazi alimhudumia mzee mmoja Myahudi, mwalimu mstaafu, miaka tisa, mpaka siku ya mwisho. Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha lakini alipenda kitabu kiwe mapajani, kimefunguliwa mahali anapopataka. Akitaka Isaya anasema Isaya, wifi anamfungulia, mzee anasoma kwa kichwa huku kidole kinatembea. Ili asikosee, wifi aliandika kwa penseli juu ya kila kitabu jina lake kwa herufi zetu. Nimeziona. Danieli, baada ya Esta. Samweli, mara moja tu. Mzee alimwachia kitabu.

"Siku ile kilikuwa mkobani," akasema. "Nilitaka kukuonesha. Kabla ya yeyote, wewe."

Nikalia, sasa kwa kweli. Hakunibembeleza wala hakunifukuza. Nikauliza nifanye nini. Akauliza nilimchekea wapi. Nikasema kanisani.

Akasema, "Haya." Akachukua shati jingine.

Jumamosi, 8 Juni

Sikushona hata kitufe. Mume wangu kaniuliza kama kesho nitasema. Nikamwambia mchungaji amekataza. Akasema hilo hajaliuliza.

Jumapili, 9 Juni

Chumba cha vifaa, nyuma ya madhabahu. Naandika juu ya spika mbovu. Kwaya wako wimbo wa pili. Nitaitwa baada ya matangazo: nipokee cheti, nisalimie, nioneshe pazia, dakika tano. Mchungaji ameniambia mara mbili leo, dakika tano, mwalimu, na yale mengine tuliyaongea.

Pazia liko tayari kwenye fimbo. Kadi nimezipanga tangu saa kumi na mbili asubuhi. Manabii kumi na wawili wamebanana hadi mshono umeanza kuachia. Nyakati mwisho. Mifuko kumi na mitano wazi.

Mzee wa kanisa ameingia kuchukua kapu la sadaka. Ametazama pazia. Amenitazama. Amecheka mpaka ameshika mlango. "Mwalimu, hata wewe? Mifuko mitupu!" Katoka nalo. Nawasikia huko nje anawasimulia, na wao wanacheka.

Masikio yanawaka moto. Mtu mmoja tu kanicheka usoni, mlango umefungwa, na tayari nataka kutoroka. Wifi alichekwa na kanisa zima. Alishuka pale mbele, akapita katikati ya mabenchi yote mpaka nje, na kitabu mkobani.

Nimechungulia. Yupo! Benchi la mwisho, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Mume wangu ametoka kwenye viti vya wazee, amekwenda kukaa naye. Sijui kama wifi amekuja kunisikiliza au kuniona nikishindwa. Uso wake hausomeki.

Naogopa. Sema tu, mwanamke. Nilimcheka. Nilimpa jina. Hapahapa.

Matangazo yameanza. Bado kuna muda wa kuzirudisha kadi zilivyozoeleka, dakika mbili zinanitosha, najua hata kwa macho yaliyofumba. Malaki mwisho, kila mfuko umejaa, watu wanapiga makofi, tunakwenda nyumbani.

Wanataja jina langu.

Mkono wa kushoto umeshika kadi. Ni Malaki. Sikumbuki kuitoa.