Mwezi Niliouapia

Gerezani, Dar es Salaam
Jumatatu, baada ya alasiri

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Najua umeshaitikia hata kabla hujakaa vizuri kwenye mkeka. Niambie kwanza, sukari imeshuka? Miguu bado inawaka? Na ule mkorosho wa nyuma ya jiko, bado unazaa au mmeukata? Mimi hapa ni mzima wa chuma. Karakana yote ya kuchomelea wananiita injinia, ingawa wewe unajua shule yangu iliishia darasa la tano, siku mwalimu aliponituma kuni nikapitiliza mnadani.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Simu nimeishika mara tatu tangu juzi nikairudisha mfukoni. Kwenye simu mimi hucheka, na nikishacheka naongeza chumvi, unanijua. Barua hii nampa kondakta wa basi la Newala, kijana mwaminifu. Uisome peke yako kwanza. Usimpe shemeji Mfaume.

Maana ndiye aliyenipigia. Alisema daktari amekukataza kufunga kabisa, Ramadhani ukamtii, ukalisha maskini, lakini ile siku yako moja ya kila mwaka umeapa huiachi, na mwaka huu wamekuokota kisimani umeanguka. Akaniuliza, "Shemeji, hii siku dada yako anamlipa nani?" Nikamwambia sijui. Dada, nilijua. Nilikaa juu ya mtungi wa gesi mpaka wenzangu wakafunga karakana.

Sasa sikiliza Mungu anavyopanga mambo. Kuna mzee mmoja wa Upanga, Mzee Karimu, alikuwa na duka la dawa, sasa kazi yake ni kutazama nyota. Alikuja kwangu na darubini ndefu kama shina la mpapai, miguu yake ya kusimamia imevunjika. Mafundi wanne pale mtaani walikuwa wameshamrudisha. Mimi nikachukua bomba la shokapu la lori, nikakata, nikachomelea miguu mitatu kwa mchana mmoja. Nakuambia hata mabasi yote ya mwendokasi yakipita kwa pamoja, ile darubini haitikisiki. Mzee alifurahi akanialika kwenye mkutano wao. Ni chama cha watu wapenda nyota, hawalipwi wala hawaulizwi vyeti, wanakutana Jumamosi jioni kwenye ukumbi mdogo juu ya shule ya chekechea hukohuko Upanga. Akasema safari hii atakuja mgeni, mwalimu wa chuo, kuzungumza juu ya mwezi mwandamo, na kwamba kompyuta yake inajua mwezi ulikuwa wapi siku yoyote, hata kabla ya babu zetu.

Hapo nikakukumbuka wewe. Nikasema, hiyo ndiyo dawa ya dada yangu. Nitamletea ushahidi kwamba mwezi ule wa Idi tulioushuhudia ujanani ulikuwepo, aache kujitesa.

Nilivaa lile koti la harusi yako, bado linafunga kifungo kimoja. Nikakaa mstari wa mbele, pembeni ya darubini, ili watu wajue miguu ile ina mwenyewe. Mgeni kumbe ni binti, Mwalimu Neema, rika la Asha wako. Akanipa shikamoo mbele ya ukumbi mzima, nikaitikia kwa sauti ya kutosha.

Alianza kufundisha kwa chungwa na tochi, akazima taa. Alilizungusha chungwa taratibu mpaka ukabaki ukingo mwembamba tu wa mwanga. Dada, pale gizani mimi sikuwa Upanga tena. Nilikuwa nyumbani, kwenye ukingo wa mteremko, siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Mikorosho imechanua na harufu yake imejaa hewani, bonde la Ruvuma limetulia kule chini kama mtu aliyelala. Mama anachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini tuliyokuwa tunafuturia. Watoto wote tumepanga mstari tukitazama machweo, na baba nyuma yetu kashika fimbo, anasema anayeuona asipige kelele, aseme "Alhamdulillahi" kwanza. Miaka yangu yote humu mjini, magorofa yameniziba pande zote, sijawahi kuutafuta mwezi tena. Humu tunatangaziwa tu.

Alipomaliza, akaomba maswali. Nikasimama. Unajua nikisimama sisimami bure. Nikawahadithia jinsi mimi, Shaibu bin Selemani, kijana wa miaka kumi na sita, nilivyouona mwezi wa Idi peke yake kusini nzima, macho makali kuliko mwewe. Shehe akataka shahidi wa pili, dada yangu akasema naye kauona, ngoma ikapigwa, tukala Idi. Mchana wa siku hiyohiyo ya Idi mpanda baiskeli akaja kusema mjini bado wamefunga, na watu wakatugeukia. Watu ukumbini walikuwa wanacheka vizuri kabisa. Nikamwambia binti, "Sasa mwalimu, iambie kompyuta yako inithibitishie kwa watu wa nyumbani. Tarehe naijua, baba aliiandika kwa mkaa nyuma ya mlango na haikufutwa mpaka nyumba ilipoanguka."

Akaandika tarehe. Akauliza jina la wilaya. Akaisoma kompyuta, halafu akaniuliza kwa upole kitu nilichokiona kilikuwaje. Nikamwambia kilikuwa kama kipande cha ukucha, kimepinda, kinawaka kama karabai. Na hilo, dada, sikuongeza chumvi. Ndivyo nilivyoona.

Akasema, "Mzee wangu, mwezi wa siku ya kwanza hauwaki. Unautafuta mpaka macho yanatoa machozi." Akaigeuza kompyuta niione. "Jioni ile mwezi ulitua kabla ya jua. Haukuwepo angani. Iliyokuwepo upande ule ni Zuhura, ile nyota kubwa ya jioni. Ikipita nyuma ya ukanda mwembamba wa wingu, inaweza kuonekana imepinda. Wengi hukosea hapo."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Pole, injinia," na watu wakacheka, si kwa ubaya. Mimi nikasema asante nikakaa. Mzee Karimu aliniletea chai na sambusa, vikapoa mkononi.

Nilirudi Gerezani kwa miguu, na njia nzima nilikuona wewe. Si wewe wa sasa, wewe wa siku ile, na khanga yako ya kijani. Shehe anauliza, "Na wewe Somoe, umeuona?" Mimi nakutazama. Wewe ulitazama machweo kwa muda mrefu, na hukuona kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu. Macho yako yalikuwa sawa. Lakini ungesema hapana, ningekuwa mwongo mbele ya kijiji, na fimbo ya baba ilikuwa karibu. Ukasema, "Nimeuona." Neno moja. Kisha baba akasimama mlangoni mwa msikiti kuwaomba watu radhi, watu wakalipa siku yao moja yakaisha. Wewe ukaendelea kulipa, kila mwaka, kimya. Na mimi nikaendelea kuapa, na kukucheka kwamba unafunga kwa dhambi ambayo haipo. Hapa mjini nimeuhadithia mwezi ule vibarazani kote mpaka Feri. Watu nimewaambia nilikuja Dar kutafuta maisha. Wewe unajua nilikuja kwa sababu mwaka uliofuata hakuna aliyenipa nafasi kwenye ule mstari.

Nilikwenda kukutafutia ushahidi kwamba tulikuwa wakweli. Sikuupata. Lakini nimepata mwingine. Mimi sikuona mwezi, na wewe ulisema umeuona kwa ajili yangu. Basi siku ile ni yangu. Nilimwendea imamu wetu hapa Kariakoo nikamweleza yote bila kuongeza hata punje. Akasema wewe uliitubia zamani na mgonjwa hana kufunga, ule, unywe dawa. Mimi ndiye niliyeanzisha, na nikitaka kufunga nifunge, afya ninayo.

Nimeanza leo. Tangu alfajiri sijatia kitu mdomoni, na karakana inachoma kama tanuri. Mwenzangu ananidhihaki kwamba injinia ameishiwa. Nimemwacha aseme. Macho yenyewe, nisikufiche, yameshaharibiwa na moto wa kuchomelea. Herufi hizi naziandika kubwa si kwa madoido.

Msalimie shemeji Mfaume, na umwambie sasa ninajua siku ile ni ya nini. Msalimie Asha, mwambie mjomba wake amekaa mstari mmoja na wasomi na miguu ya darubini yao ni yake, hilo si uongo, aulize. Msalimie Bibi Tabu jirani aliyetushonea nguo za Idi ile. Na Mzee Mponda aliyepiga ngoma, kama bado anasikia, mwambie aliipigia nyota, na nyota yenyewe ni nzuri, aitazame jioni upande wa bonde.

Nilisema uisome peke yako. Nimebadili. Ukimaliza mpe shemeji aisome kwa sauti barazani, watu wakiwepo, asiruke mstari. Na wewe wakati anasoma uwe unakula.

Adhana ya magharibi imeanza, msikiti huu kisha ule. Mwenzangu, yuleyule wa dhihaka, ameniwekea tende mbili juu ya nondo. Naweka kalamu chini.

Mimi mdogo wako,
Shaibu