Moyo wa Chura na Miguu ya Bi Mwanabaraka

Mpendwa mshauri,

Natangaza kwa majonzi kwamba Jumanne ya wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, chura mmoja alifariki dunia akiwa kazini, hakuacha wosia, ila moyo wake uliendelea kupiga saa mbili nzima bila yeye.

Naomba msaada wako, mie ni mhudumu wa maabara, mtu mzima mwenye kitambi, kazi yangu ni kuufunga moyo huo uzi, uzi uvute kijiti, kijiti kichore mapigo kwenye karatasi iliyopakwa masizi, na siku hiyo tulikuwa tunapima mzizi wa kienyeji, nilipoumiminia moyo maji yake, ukaenda mbio mpaka Daktari Theonest akasema, "Tutarudia kwanza, usiende kuropoka," nami jioni ileile nikaropoka barazani Temeke, na jirani yangu Bi Mwanabaraka, mgonjwa wa moyo, akanidaka, "Baba Rosalia, moyo wa chura asiye na mwili umepata nguvu, sembuse wangu?" nikampelekea chupa ya mabaki, sasa vidonge vya hospitali kaviacha, miguu imevimba, na kila asubuhi ananiita daktari, ilhali najua nilichelewa kuuchemsha ule mzizi nikaumimina ungali vuguvugu, na moyo wa chura ukipata joto hukimbia hata kwa maji matupu. Nimwambieje arudie vidonge nisiaibike mtaani?

Mhudumu, Temeke

Ndugu Mhudumu,

Umenichekesha kwa tanzia yako, kisha ukanipandisha hasira. Mama wa watu anavimba miguu, wewe unalinda jina barazani! Najua utamu wa kusikilizwa, hasa kwa sie ambao nyumbani hatusikilizwi. Lakini huo si utamu wa kuulipia kwa moyo wa jirani.

Ukimaliza kusoma, vaa viatu. Mpeleke hospitali leo, na chupa uibebe, wajue alichokunywa. Vidonge asivirudie kwa kukisia, wao ndio watakaompangia. Kesho mwambie Daktari Theonest apime kwa maji vuguvugu yasiyo na mzizi. Atafoka. Mwache afoke.

Na usizunguke mbuyu. Ukifika mlangoni kwake sema hivi:

"Bi Mwanabaraka, kama mzizi unafaa sijui. Nilichelewa kazini, nikaumimina ungali na moto, moyo wa chura ukakimbia kwa joto. Nililijua hilo tangu siku ileile. Nilinyamaza kwa sababu uliniita daktari."