Mahari yangu na ukuta wa saruji

Jumanne, baada ya Magharibi

Na bado nacheka. Mahari yangu yote ilikuwa karibu kuondoka leo!

Hamadi wangu, mume wangu wa wiki tano, alhamdulillahi, alirudi kutoka kazini kwake, bandarini Mkoani, na fomu mbili za kununua hisa: moja ya benki, moja ya kiwanda cha saruji. Yeye alitaka benki kwa sababu wenzake wote kazini wamechukua fomu hiyo. Mimi nilitaka saruji. Si ndiyo aliyonijengea chumba hiki? Nikiutazama ukuta huu moyo unanijaa.

Bibi yangu, Bi Time, amekuja kututembelea. Alikuwa akichambua mchele, akauliza, "Kampuni hizo zina faida?"

Hamadi akaigeuza fomu ya benki kutafuta.

"Zina madeni?"

Nikaigeuza na ya saruji. Bibi akauweka ungo chini.

"Hamadi, ulipoleta posa, tulituma watu kwenu Chokocho mwezi mzima kuuliza habari zako. Anaswali? Anadaiwa? Ana mke kwengine? Leo kampuni mnaitolea mahari kwa sababu ya ukuta!"

"Na kuhusu mimi mliambiwaje, Bibi?" Hamadi akauliza.

"Kwamba unakula sana."

Hamadi alicheka mpaka akakaa chini. Fomu tumezifungia kabatini. Kesho ataomba taarifa za hesabu za kampuni zote mbili, tuzisome kwanza.

Ninayemhofia ni mimi mwenyewe. Majibu ya Chokocho yaliporudi, nilikuwa nimeshachagua kitambaa cha nguo ya harusi.