Leseni Niliyoisoma Mimi

Ibra, 9 Novemba 1988

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, kifua kimepoa, na Mama hajambo. Sisi huku salama, alhamdulillahi. Shangazi Wadha, kama ujuavyo nakaa kwake, anakusalimu sana.

Baba, ofisini kwetu hapakaliki. Kampuni ilinunua programu ya kutunzia habari za visima vya maji tulivyochimba katika vijiji vya huku, tangu Samad mpaka Al Kamil. Nadhir, fundi wetu wa kompyuta, aliiweka kwenye kompyuta moja, akaunganisha nyaya, na sote sita tukawa tunaitumia, kila mtu mezani kwake.

Jumamosi alikuja mjumbe wa wauzaji kutoka Maskati. Kuona skrini sita zinafanya kazi, akaitaka leseni. Akasema ni ya kompyuta moja tu. Kuigawa kwa nyaya ni kuvunja mkataba, na wakubwa zake wataichukua programu yao. Mkurugenzi wetu, Bwana Hilali, alipandwa na hasira. Akamwita Nadhir mwizi mbele yetu, akamnyang'anya funguo za ofisi na kumfukuza kazi. Nadhir alisema aliuliza kwanza, akaambiwa ruhusa ipo. Alipoulizwa nani kamwambia, akageuka akatoka. Na mkewe, Hamda, ana mimba ya miezi minane, na nyumba wanayokaa ni ya kampuni.

Baba, niliyemwambia ni mimi. Leseni ilikuja kwa Kiingereza, na mimi ndiye ninayetegemewa kwa lugha hiyo, maana wote wanajua ulikuwa mwalimu wa Kiingereza kule Unguja kabla hatujahamia huku. Kile kifungu cha kuunganisha kompyuta nilikisoma mara tatu, sikukifahamu. Nikaona haya kusema sijui. Nikamwambia, "Weka tu, Nadhir, wameruhusu." Alipofukuzwa, nikainamisha kichwa siku tatu. Naye hakunitaja.

Jana nilishindwa kuvumilia. Niliingia kwa Bwana Hilali, mjumbe yupo, nikasema yote. Bwana Hilali akasema, "Binti, umetufanya tumdhalilishe mtu asiye na kosa." Nadhir amerudishwa. Kompyuta tano zimezimwa mpaka ije leseni nyingine. Mimi nimeachishwa kazi.

Leo asubuhi nilikwenda kwa kina Nadhir kuomba radhi. Hamda alinisikiliza mlangoni mpaka nikamaliza, kisha akaufunga taratibu.

Nakuandikia ili usiyasikie kwa watu. Nisalimie Mama na wote wa nyumbani Nizwa, uniombee kwa Mungu.

Mwanao mwenye kukutii,
Tamima binti Sleyum