Maneno ya Doto Chini ya Picha

Kuluthumu, kaka Nasri analia. Yule yule ambaye hata msibani hakutoa chozi!

Ule mtandao anaowekea picha zake leo umebadilishwa sura. Picha zake za milango ya zamani zipo, ila zimekatwakatwa, na maoni yote ya watu yamefutwa. Yote, shoga!

Si unamkumbuka marehemu wifi Doto? Kila picha alikuwa anamwandikia chini yake, "Rudi, ugali unapoa." Kila picha! Mume yuko Kwihara na kamera, yeye yuko jikoni na simu.

Tangu tumzike, kaka anayasoma maneno hayo kila asubuhi kabla ya chai.

Nikamwambia, "Basi niyaandike mimi upya."

Akanijibu, "Zabibu, litatokea jina lako."